Shingo ya Gita na Mafuta ya Upako

Nyuzi za chuma zilikuwa zimeila shingo ya gita la Wabwile kama mchwa anavyokula nguzo ya nyumba ya mtu mvivu. Hazikuwa nyuzi za mchezo. Mtaani Kipsongo, hapo Kitale, watu walisimulia kwamba mwizi mmoja aliwahi kuiba uzi mnene wa gita hilo, akautumia kukatia kufuli tatu na mguu wa kitanda, na bado ukabaki na makali ya kukatia sukuma wiki. Huo ni uongo. Kufuli zilikuwa mbili.

Gita lilikuwa la besi, na shingoni halikuwa na vile vyuma vyembamba vinavyopangwa kama vipandio vya ngazi. Wabwile aliving'oa vyote kwa koleo la fundi viatu, siku alipochoka kusikia noti zikiruka moja moja kama mbuzi anayevuka mitaro. Alitaka ziteleze, zilie kama siilili, ile fidla ambayo wazee wa kwao Sirisia waliipiga mpaka wafiwa wakasahau aliyekufa ni nani. Sauti hiyo aliipata. Lakini pasipo vyuma, uzi ulisugua mbao yenyewe, na kila alipotikisa kidole ili noti itetemeke, uzi ulichimba. Miaka sita baadaye shingo ilikuwa na mifereji minne, na gita halikulia tena, lilikoroma.

Si kwamba hakulitunza. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa, jasho lisiingie kwenye mbao. Akimaliza kupiga alipangusa uzi mmoja mmoja kwa fulana ya zamani ya mtoto wao, Ian. Paa likivuja, alilifunika gita kwanza, mke baadaye.

"Miaka kumi na mbili ya ndoa," mkewe Nanyama alisema, "na mimi sijawahi kupanguswa hivyo hata siku moja."

"Wewe huna nyuzi, Mama Ian."

"Ningekuwa nazo ungekuwa umenitoboa."

Sasa gita hilo lilikuwa limebeba nyumba nzima. Khisa, kiongozi wa bendi inayopiga katika hoteli moja mjini Bungoma, alikuwa amemsikia Wabwile kwenye matanga, akamvuta kando. Mpiga besi wake alikuwa anahama. Nafasi ilikuwa na mshahara wa mwezi, na chumba cha wafanyakazi nyuma ya hoteli, chenye sakafu ya simiti na mlango unaofungwa. Ian, aliyepelekwa kwa nyanya yake Sirisia kwa sababu ya kukohoa kila mvua iliponyesha Kipsongo, angerudi kulala chini ya paa la wazazi wake.

"Sauti yako naitaka," Khisa alimwambia, "lakini hiyo shingo imeisha, bana. Inakoroma kama mlevi. Itengeneze, ukuje Jumamosi ya wiki ijayo tusikie. Ikikoroma tena nachukua mtu mwingine. Usinilaumu."

Fundi Gathii wa Kitale alitengeneza kaunta za baa na majeneza, na kwa kuwa wateja wa kaunta hatimaye huwa wateja wa majeneza, hakukosa kazi. Kaunta alizimwagia gundi ya chupa mbili, ambayo ukiichanganya hukauka ikawa ngumu na kung'aa kama kioo. Walevi waliburuta glasi juu yake mwaka mzima, na ikabaki bila mkwaruzo. Wabwile aliwaza hivi: kinachoweza kustahimili walevi kitastahimili nyuzi.

Gathii alipitisha kidole kwenye ile mifereji. "Inawezekana. Lakini nisikize vizuri. Hii gundi ina maringo. Ikikuta mafuta kidogo tu, inakataa kushika. Enda upige msasa mpaka mbao ibaki uchi. Usiiguse hata na kidole. Jumatatu ulete nimwage, ikauke siku nne."

* * *

Wabwile alipiga msasa Ijumaa yote na Jumamosi nusu. Alizitoa nyuzi, akasugua, akafuta vumbi kwa spiriti, akaifunga shingo ndani ya shuka safi kama mtoto mchanga. Ndipo Nanyama aliporudi kutoka kazini akiwa amebeba viazi vilivyobaki, akakumbusha kwamba kesho ilikuwa Jumapili ya Vyombo.

Katika kanisa la Askofu Makokha, mara moja kwa mwaka kila muumini alileta madhabahuni chombo kinachompa riziki. Mshonaji alileta makasi, mlinzi rungu, mtu wa boda helmeti na ufunguo. Mwaka uliotangulia mtu wa mkokoteni alimleta punda wake, na punda akatoa ushuhuda mrefu kuliko shemasi. Askofu alivipaka vyote mafuta ya upako, aliyosema yametoka Yerusalemu, na baada ya ibada mafuta hayo hayo yaliuzwa mlangoni, shilingi mia mbili chupa. Asiyeleta chombo alihesabiwa kuwa ana jambo analoficha.

"Hii haiendi," Wabwile alisema. "Iko uchi."

"Unaenda kuanza kazi mpya Bungoma bila maombi? Baba Ian, wewe ni mtu wa aina gani?"

"Maombi sikatai. Nakataa mafuta."

"Basi mwambie Askofu aweke mkono tu. Si ni mtu wa kuelewa?" Nanyama alishusha sauti. "Na mimi niko kwa kibanda cha mke wake. Nisipoonekana na chombo, Jumatatu nitaulizwa."

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Nanyama alimenya viazi na kukaanga chipsi na samaki katika kibanda cha Mama Askofu Linah, karibu na stendi, na ujira wake ndio uliokuwa ukilipa chumba chao.

Asubuhi, kabla ya ibada, Wabwile alimsubiri Askofu nje. Askofu alishuka garini akijipangusa midomo, maana alikuwa ametoka kunywa chai.

"Baba Askofu, naomba kitu kidogo. Hii ubao iko kavu, kuna dawa inawekwa kesho. Usiiweke mafuta. Mkono tu."

"Wabwile! Sasa wewe ndio unanifundisha kazi?" Askofu alicheka, akamgonga begani. "Haya. Mkono tu. Mungu hana shida."

Na pengine angetimiza ahadi. Lakini siku hiyo shemasi alikuwa amesimama na simu juu ya fimbo, ibada inaenda moja kwa moja mtandaoni, na makasi na helmeti hazina sura ya kupendeza mbele ya kamera. Gita ni kitu kingine. Wabwile alipolifungua shuka, Askofu alimgeukia mwenye simu, akaona ile taa nyekundu, na mkono wake ukaenda kwenye chupa wenyewe.

"Kuna mtu hapa anaenda Bungoma!" alinguruma. "Mungu amenionyesha! Hii gita haitakuwa gita tena!"

Katika hilo alisema kweli. Aligeuza chupa ya lita juu chini. Mafuta yaliingia kwenye mifereji minne, yakateremka shingo yote, na ile mbao kavu ikayanywa kwa pupa kama ng'ombe wa kiangazi. Wabwile alisema, "Baba, baba, baba," na kanisa likadhani ameshukiwa na Roho, likapiga makofi. Askofu akayapaka yaliyobaki mkononi juu ya kichwa cha Nanyama.

Nanyama alikuwa amefumba macho. Harufu ndiyo iliyoyafungua. Alitazama shingo ya gita, na pale ambapo shingo inakutana na tumbo aliona kitu kidogo cha mviringo kimenata, kinang'aa kama lulu ya maskini. Kilikuwa gamba la samaki. Tone moja lilimteremka kutoka kwenye nywele, likafika kwenye mdomo. Halikuhitaji kutambulishwa.

* * *

"Hii ni nini umeniletea?" Gathii aliuliza Jumatatu. Hakuigusa. Aliinusa akiwa hatua mbili mbali. "Umekaangia nini hapa?"

"Ni upako."

"Ya nani, ya samaki mbuta?" Gathii alitema mate kando. "Rafiki yangu, kumwaga gundi hapo ni kama kubandika stempu kwa chura. Jaribu kuyatoa. Weka gazeti juu, upitishe pasi ya moto, mafuta yapande kwa karatasi. Polepole, usije ukaikunja mbao. Ukifika Jumatano na iko kavu, tutaona."

Basi nyumba nzima, yaani chumba kimoja, iligeuka karakana. Wabwile aliazima pasi ya makaa kwa jirani. Nanyama aliomba ruhusa ya nusu siku, akashika magazeti. Waliweka karatasi, wakapitisha pasi, karatasi ikalowa na kuwa kahawia, wakabadilisha. Moshi ulipanda wenye harufu ya kitu kilichokufa ziwani kikasahauliwa. Paka wa Kipsongo, ambao kwa kawaida hawatembeleani, walikuja wote wakakaa mlangoni kwa mstari kama wanaosubiri ushirika.

"Mama Ian, leo ni sikukuu?" jirani alipiga kelele. "Mnakaanga nini na mlango umefungwa? Si mtuitie!"

"Tunakaanga gita!" Nanyama alimjibu, na mtaa ukacheka.

Karatasi ya kumi na tano ilipotoka, Wabwile aliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa na vipande vyeusi vya unga uliokaangwa. "Hii si mafuta ya zeituni. Hata si mafuta ya duka. Hii imepika. Lakini nani anaweza kumwagia watu kitu kama hiki?"

Nanyama alikunja gazeti mara mbili, mara nne, mpaka likakataa kukunjika.

"Niliyachuja mimi," alisema.

"Ulichuja nini?"

"Hayo mafuta. Jumamosi. Mama Askofu alileta dumu la mafuta ya karai, ile tunakaangia samaki mpaka inakuwa nyeusi. Akanipa kipande cha pazia, akasema chuja vizuri, kuna mtu wa sabuni anakuja kuchukua. Nikachuja. Nikajaza kwa chupa. Ni kila mwezi nachuja, Baba Ian. Sikujua mtu wa sabuni ni bwana yake."

Wabwile aliweka pasi chini. Alimtazama mkewe, halafu gita, halafu mkewe. Kisha alisimama haraka, akatoka nje, na majirani wakamsikia akitapika kwenye mtaro. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mwaka jana nilikuwa na kikohozi," alisema. "Askofu akanipa kijiko."

"Najua."

"Nikalamba kijiko, Mama Ian. Nikasema amina."

Waliendelea kupiga pasi.

* * *

Jumanne Nanyama alimkuta Mama Askofu Linah kibandani amekaa kwenye kiti cha wateja, anahesabu vifuniko vya chupa. Linah alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye sauti laini ya mtu asiyewahi kulazimika kuita mara ya pili.

"Mama, ile mafuta nilichuja. Uliniambia ni ya mtu wa sabuni."

"Na sabuni inafanya nini? Si inasafisha? Upako pia unasafisha." Hakuinua macho. "Ama wewe umeona mtu akigonjeka?"

"Imeharibu gita ya mzee. Hiyo ndio ilikuwa inatupeleka Bungoma."

"Nanyama, wewe ni mtu wa kushukuru ama ni mtu wa kuuliza? Kuna wasichana ishirini hapo nje wanataka hii kazi yako, na wao hawana pua." Alichagua chupa moja iliyojaa, akamsogezea. "Chukua hii, nimekupa bure. Mwambie aipake tena hiyo gita. Labda mara ya kwanza imani ilikuwa kidogo."

Nanyama aliipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akasema asante, akarudi kwenye viazi. Alimenya gunia zima bila kuinua kichwa. Kuna mtu aliyeapa kwamba siku hiyo maganda yake yalikuwa mazito kuliko viazi.

Jumatano Gathii alimwaga gundi. Ilipomwagwa ilikuwa safi na angavu, na Wabwile alishika roho. Baada ya dakika kumi ikaanza kujikunja. Mahali mahali ilirudi nyuma yenyewe, ikaacha vishimo vya mviringo, kimoja hapa, viwili pale, mpaka shingo yote ikawa kama inayomtazama.

"Nilikuambia ina maringo," Gathii alisema. "Hapo imeshika, hapo haijashika. Omba tu ikauke isibanduke."

"Kuomba nimeacha kwanza," Wabwile alisema.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi alisimama kwenye jukwaa la hoteli kule Bungoma, nyuzi zikiwa zimerudi mahali pake. Nanyama alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, amevaa gauni la kanisani. Alikuwa amekwisha kukiona kile chumba cha nyuma. Alikuwa ameupima ukuta kwa mikono na kujua kitanda cha Ian kingekaa upande gani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Besi iliteleza, ikalia, na mpishi mmoja akatoka na mwiko mkononi kusikiliza. Khisa alitikisa kichwa kwa raha. Wa pili pia ulikwenda. Katika wa tatu Wabwile alihisi kitu kikisogea chini ya kidole chake cha pete. Gundi ilikuwa inajibandua kama ngozi ya nyoka. Akahamia juu zaidi, pale ilipokuwa imeshika, akaziacha noti za chini. Alipiga hivyo kwa ujanja, akijaza mapengo, lakini mtu wa bendi hadanganywi na mapengo.

Khisa aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. "Kuna noti unaziruka. Piga hiyo ya chini."

Aliipiga. Gita likatoa sauti ya mtu anayevuta kamasi. Kipande cha gundi kikubwa kama ukucha kilidondoka sakafuni.

Aliyekiokota ni Khadijo, msimamizi wa jikoni, mwanamke wa mjini aliyeogopwa na wapishi kuliko afisa wa afya. Alikinusa, akakirusha mbali kana kwamba kimemuuma.

"Astaghfirullah! Hii mafuta imekaanga samaki wiki tatu! Mpishi wangu akitumia hii namfukuza kabla ya chakula. Nani aliweka hii kwa gita?"

"Askofu," Wabwile alisema.

"Kwa nini?"

Nanyama ndiye aliyeeleza, kutoka kwenye kiti chake, kwa maneno machache. Khadijo alimsikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa mdomoni.

"Na vichwani mwenu pia?"

"Vichwani pia."

"Na mnalipa?"

"Mia mbili chupa."

Wapishi walianza kucheka, kisha wakaona uso wa Nanyama, wakarudi jikoni. Khisa alikuwa bado analiangalia gita. Hakuwa mtu mbaya.

"Enda kwa fundi aikwangue mpaka hiyo uchafu iishe. Ukipata mbao safi nipigie leo leo. Usipopata, bana, mimi nina wageni Ijumaa."

Saa tisa alasiri walikuwa tena kwa Gathii. Alitoa nyuzi, akashika randa, akapitisha mara ya kwanza. Maranda yalitoka yametota. Akainusa mbao, akakunja uso. Akapitisha tena, na tena. Maranda yakaanza kuwa mepesi na kujikunja vizuri. Nanyama aliokota moja, akalinusa, akasema, "Bado kidogo." Gathii akapitisha mara ya mwisho, randa likakwaruza chuma. Katikati ya shingo, kupitia mbao iliyobaki nyembamba kama ganda la yai, ulionekana ufito wa chuma unaoishikilia shingo isipinde.

"Tumefika mwisho," Gathii alisema. Aliweka randa mezani kwa upole, kama aliyezoea kazi za majeneza. "Mbao sasa ni safi kabisa. Shida ni kwamba hakuna mbao."

Wabwile alimpigia Khisa. Nanyama alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Ndiyo. Ndiyo. Hapana, nimeelewa. Unachukua Kipngeno? Namjua, ni mzuri. Ndiyo. Asante." Halafu alimpigia mama yake Sirisia kumwambia Ian asifungashe nguo.

* * *

Jumapili Askofu Makokha hakungoja hata nyimbo ziishe. Picha ya gita ilikuwa imetazamwa na watu wengi sana mtandaoni, na watu hao walitaka kujua mwisho wake.

"Ndugu Wabwile alikuwa Bungoma jana! Yuko wapi? Asimame atuambie mafuta yamefanya nini!"

Wabwile hakusimama. Alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti, mtu asiye na kitu cha kushika. Nanyama ndiye aliyesimama. Alipita katikati ya viti, akapokea maikrofoni kwa shemasi, na shemasi akamwelekezea simu. Katika mstari wa mbele Mama Askofu Linah alimtazama bila kupepesa.

"Bwana asifiwe," Nanyama alisema.

"Amina!"

"Gita imeharibika, na kazi imeenda. Haya mafuta si ya Yerusalemu. Yametoka kwa karai ya samaki, kwa kibanda ya Mama Askofu, hapo stendi. Nayajua kwa sababu ni mimi nayachuja. Nachuja na pazia. Hata leo mmepakwa hayo pale mlangoni."

Kanisa lilinyamaza hivi kwamba nzi aliyekuwa juu ya mimbari aliona aibu, akaondoka. Watu walijigusa paji la uso, wakanusa vidole. Linah alimnong'oneza shemasi, na shemasi akaondoa simu, akachukua maikrofoni. Askofu hakubabaika. Alifumba macho, akatabasamu kwa huzuni kubwa.

"Mnaona adui anavyopigana na hii mafuta?" alisema. "Kama haingekuwa na nguvu, angepigana nayo?"

Mtu mmoja nyuma akasema amina. Wa pili akasema. Kufikia wimbo wa kutoka ilikuwa amina ya kanisa zima.

Nje, mbele ya meza ya chupa, mstari ulikuwa mrefu kuliko wa wiki iliyopita. Linah mwenyewe alikuwa anauza. Bila kumtazama Nanyama alimwambia asihangaike kuja kesho, na arudishe aproni. Wabwile alimshika mkewe mkono. Walikuwa wamefika barabarani waliposikia mtu akiwaita kwa pumzi fupi. Alikuwa Kukhu Nasike, bibi kizee wa Kipsongo ambaye Nanyama alimchotea maji kila asubuhi. Alikuwa ameikumbatia chupa mpya kifuani.

"Mwanangu, ngoja. Umesema ni wewe unachuja?"

"Ni mimi, kukhu. Mwaga hiyo kitu. Tafadhali, mwaga."

"Hii yangu ulichuja mala ngapi?"

Nanyama alimtazama, asielewe. "Mara moja."

"Mala moja tu?" Bibi aliinua chupa kwenye jua, akaigeuza, akaona vipande vyeusi vikizama taratibu. Alisonya, akageuka, akaanza kurudi kwenye mstari kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo tangu mwaka juzi. "Basi wanibadilishie. Mimi nimelipa mia mbili kama wengine, wanipee ya mala mbili."